Andika jina, mwili uache: kisa cha wimbo wa wachuuzi wa dagaa

Kisa hiki ni cha mwalo mmoja wa dagaa, yaani ufuko wa kupakulia na kuuzia samaki, upande wa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Jina la mwalo nimeliacha, na majina ya wahusika pia, kwa kuwa wote bado wanauziana dagaa kila giza linapoingia. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Niliitwa na akina mama wa kikoba cha hapo, kikundi chao cha kuweka na kukopa, juu ya jambo ambalo kila mtu mwaloni alilijua na hakuna aliyekubali kulisema kwa jina lake. Mkobani nilikuwa na fomu za malalamiko. Wao walishapata wimbo.

Nimeona watu wengi wakizichukulia nyimbo za madai kama pambo la maandamano, kitu cha kuchangamsha umati kabla wenye hoja hawajapanda jukwaani. Sikubaliani nao. Pale mwaloni wimbo ulifanya kazi ambayo barua, kikao na polisi vilikuwa vimeshindwa kuifanya: uliitoa aibu kwa aliyetendewa ukaipeleka kwa aliyetenda, bila mwanamke hata mmoja kutangulizwa mbele peke yake. Na mipaka ya wimbo ilianzia hapohapo, nitaieleza kwa urefu, maana ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi hii.

Mwenye daftari

Asiyeijua biashara ya dagaa aelezwe kwanza giza ni nini. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wakaifuata nuru, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikishakomaa taa haina kazi, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mchuuzi huhesabu maisha yake kwa giza. Giza likiwa zuri ada ya shule inapatikana, likiwa baya marejesho ya kikoba yanalala. Alfajiri mitumbwi inapotia nanga wanawake wameshajipanga na ndoo zao, na hapo ni mbio, kwa sababu dagaa mbichi hamsubiri mtu. Lazima awahi chanja au mchanga jua likiwa kali. Akichelewa, hasa msimu wa mvua, anaharibika, na kilichokuwa kitoweo cha kupeleka Kongo kinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Mitumbwi ikijaa hakuna ugomvi, kila mtu anapata. Tabu huja siku za upungufu. Ndipo kamati ya usimamizi wa mwalo, wenyewe wanaiita BMU, ikaweka daftari la foleni: mchuuzi anajiandikisha jioni, asubuhi majina yanasomwa kwa mpangilio. Ni utaratibu mzuri, na walioudai mwanzoni ni akina mama wenyewe. Daftari akakabidhiwa mjumbe mmoja wa kamati, mwanaume wa makamo, mwenye mtumbwi wake, anayechangia misiba na kuitwa kwenye posa za watu. Nalitaja hili kwa makusudi. Angekuwa mlevi wa kijiweni asingekuwa na nguvu aliyokuwa nayo.

Jina liliweza kuandikwa la tatu jioni, asubuhi likasomwa la ishirini. Liliweza kurukwa. Anayeuliza aliambiwa, "Mama, pita jioni tuongee." Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya kupita jioni. Waliopita walipata ndoo zao, waliokataa waliendelea kushuka kwenye foleni mpaka wakaanza kukopa ili kulipa kikoba. Upande wa Kenya wa ziwa hili mabadilishano ya samaki na ngono yanaitwa jaboya, na yameandikwa kwa miaka mingi kwa sababu ya uhusiano wake na maambukizi ya VVU. Kwetu yapo pia, tofauti ni ukimya tu.

Na sheria haikukosekana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo. Tajiri wa mtumbwi anayeuza samaki wake mwenyewe anaweza kubishana na kifungu hicho. Mjumbe wa kamati aliyekabidhiwa foleni ya umma ana nafasi ndogo sana ya kubishana. Kilichokosekana ni mwanamke wa kuandika jina lake chini ya maelezo.

Mmoja alijaribu. Alikuwa binti mwenye mtoto mchanga, mgeni kidogo pale, aliyeolewa kutoka Geita. Alisimama kwenye kikao cha kamati akasema aliyoambiwa na aliambiwa na nani. Akaulizwa: saa ngapi? Mlikuwa wawili? Nani alisikia? Na wewe ulifuata nini kwake saa hizo? Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yameshamfikia mumewe, yamepinduliwa njiani, kwamba binti ndiye aliyekuwa anamtaka mwenye daftari. Akabandikwa lile jina ambalo mwanamke akishabandikwa mwaloni halimtoki. Baada ya siku chache alifunga mzigo akarudi kwao na mtoto. Mtendaji wa kijiji, ambaye simuoni kama mtu mbaya, alishika msimamo wa ofisi: lete maelezo yaliyoandikwa, jina na dole gumba. Dawati la jinsia la polisi lilikuwa mjini, nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya giza. Hakuna aliyekwenda.

Hapo ndipo palipo na fundo la kisa chote. Aibu pale ilikuwa inateremka upande mmoja tu. Anayedai ngono habadiliki kitu, anaamka kesho anachangia msiba. Anayesema amedaiwa ndiye anayechafuka, na mumewe, na watoto wake. Siyo jambo jipya nchini kwetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba kisa cha mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa kikatili Unguja: muuaji akavuka bahari akatoroka, na waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mahakama ya kikoloni ilikuwa imeshamaliza kazi yake vibaya. Wimbo huo unabeba jina la muuaji, Kijiti, na ndivyo alivyobaki anajulikana kwa vizazi. Siti alimtaja mtu kwa jina. Akina mama wa mwaloni walichagua kutomtaja, na uchaguzi huo unastahili kuangaliwa kwa makini.

Wimbo wenyewe

Ulitungwa kwenye kikao cha kikoba, watu wakihesabu hisa. Aliyeuanzisha ni bibi mmoja wa miaka sitini na zaidi ambaye ujanani alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na ukoo wao ni wa Bagalu. Kwa asiyekulia Usukumani: ngoma za Kisukuma zina kambi mbili kuu, Bagika na Bagalu, zinazorudi nyuma mpaka karne ya 19, kwa waganga wawili waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno kambi hizo hupambana kwa nyimbo, dawa na vituko, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mpaka leo sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, inaendeleza mashindano hayo kila mwaka karibu na mwezi Juni. Ndani ya uwanja wa ngoma manju ana ruhusa ambayo hana nje yake. Anaweza kumwimba mkubwa, bahili au mwongo, kwa mafumbo ambayo kila mtu anayafumbua kimoyomoyo. Aliyeimbwa akikasirika amejitaja mwenyewe.

Bibi yule aliijua kanuni hiyo tangu utotoni. Aliniambia, "Mwanangu, karatasi yako inataka mimi nijitaje. Wimbo unataka yeye ndiye ajitaje." Katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia maelezo bora zaidi ya kazi ya wimbo wa madai.

Maneno yalikuwa haya, na wameniruhusu kuyaweka hapa:

*Giza limeingia, taa zimewaka*
— Andika jina!
*Ndoo i mkononi, hela i pindoni*
— Andika jina!
*Mwenye daftari, si una kalamu?*
— Andika jina, mwili uache!
*Nilikuja na hela, sikuja na kitanda*
— Andika jina, mwili uache!

Sauti waliichukua kwenye wimbo wa kumpokea bibi harusi unaojulikana eneo lote lile. Hakuna aliyefundishwa chochote. Manju akitupa mstari, kiitikio kinatoka chenyewe, hata kwa mtoto anayepita. Na mwanamke anayeitikia "andika jina" hajasema lolote kuhusu mwili wake yeye. Hajakiri kwamba alipita jioni, wala kwamba alikataa kupita. Ameitikia tu, kama walivyoitikia wenzake arobaini. Mumewe akimuuliza nyumbani, jibu lake ni kwamba wote tuliimba.

Waliuanza asubuhi moja ya upungufu, wakati majina yanasomwa. Hawakuacha kazi. Hawakumzunguka mtu. Walipiga ndoo tupu kwa viganja na kuimba huku wamesimama kwenye foleni yao, macho ziwani. Asubuhi ya pili wakarudia. Mwenye daftari siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu alipaza sauti: "Mnamsema nani?" Foleni nzima ikanyamaza. Kisha mama mmoja akamjibu kwa upole na heshima zote, "Baba, sisi tunaimba tu. Kwani wewe umesikia jina la nani?"

Alikwisha kujitaja. Jioni ile habari haikuwa tena juu ya binti wa Geita, ilikuwa juu ya mwenye daftari na swali lake.

Wanawake wa sehemu nyingine walishaipita njia hii, wengine kwa gharama kubwa. Kusini-mashariki mwa Nigeria mwaka 1929, wanawake wa Kiigbo waliwazingira machifu waliowekwa na Waingereza, wakiimba na kucheza nje ya nyumba zao usiku kucha, desturi yao ya zamani ya kumkalia mwanaume aliyekosea. Machifu wengi waliachia nafasi zao, na wanawake zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi za askari wa serikali. Valparaíso nchini Chile, Novemba 2019, kikundi cha wanawake wanne kilitunga utenzi wa kuchezwa mtaani wenye ujumbe kwamba kosa halikuwa la mwanamke, wala pale alipokuwa, wala alichovaa. Ndani ya wiki chache ukawa unaimbwa kwenye miji ya mabara mengine. Umbali ni mkubwa, lugha ni nyingine, lakini shughuli ni ileile ya kuigeuza aibu ielekee inakostahili. Nadhani ndiyo maana wanawake hukimbilia wimbo zaidi katika madai yanayogusa mwili, ndoa na heshima kuliko katika madai ya bei au kodi. Kwenye bei unaweza kusema peke yako na ukalala salama.

Ubeti wa mabaharia

Wimbo ungeweza kuishia kuwa kichekesho cha akina mama. Kilichoubadilisha ni ubeti ulioongezwa baadaye, na ubeti huo uligawa kikundi.

Mabaharia, yaani vijana wanaokesha ziwani kwenye mitumbwi ya matajiri, hulipwa kwa mgao wa mauzo. Foleni ikichezewa, ndoo zinakaa, dagaa wanaanza kulegea, bei inashuka, na mgao wao unashuka nayo. Walikuwa na kinyongo chao na daftari lilelile. Mama mmoja mdogo, mke wa baharia, akatunga:

*Baharia kakesha, dagaa wameoza*
— Andika jina!
*Foleni ikilala, na yeye halipwi*
— Andika jina!

Siku ile ubeti ulipoimbwa, vijana waliokuwa wanapakua walianza kuitikia. Sauti za kiume ziliingia kwenye kiitikio na mwalo mzima ukawa unaimba. Kwa mara ya kwanza matajiri wawili walitoka kwenye kibanda cha chai kuja kutazama.

Bibi manju hakuupenda. Alisema mabaharia hao hao ndio wanaotucheka tukitukanwa, na sasa wimbo wetu umekuwa wa dagaa kuoza. Waliomuunga mkono waliona kwamba ubeti mpya ulikuwa unakifunika kitanda: ukianza kuimba juu ya mgao, mtu anaweza kuitikia kwa furaha bila kuguswa na neno "mwili". Hoja hiyo ni nzito. Wanaume wengi walioitikia waliitikia "andika jina" kwa nguvu, na kwenye "mwili uache" sauti zao zilipungua. Nililisikia kwa masikio yangu.

Hata hivyo nasimama na yule mke wa baharia. Bila mabaharia, kura za mkutano zisingetosha, na nitaeleza kura hizo hapa chini. Lakini waliyokubaliana mwishowe ndiyo naona ya kuigwa: ubeti wa mabaharia utaimbwa, ila hautaimbwa wa mwisho. Wimbo lazima ufungwe na ubeti wa kitanda. Manju hawezi kuuacha hata akiambiwa muda umekwisha. Kwa mpangilio huo tu, bila hotuba, walilinda kiini cha dai lao ndani ya muungano wenye watu wasiokubaliana nalo lote.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea akiwa mjumbe kwa mujibu wa sheria, akina mama waliingia wakiimba, mabaharia nyuma yao. Mwenyekiti aliwaacha wamalize. Kisha kazi yangu ndogo ikaanza: nilisoma miongozo ya BMU inayotumika kwenye ziwa hili, inayotaka wanawake wasiopungua 3 kwenye kamati. Kwenye karatasi ya kamati yao walikuwepo watatu kweli. Mmoja alikuwa mke wa tajiri ambaye hakuwahi kuhudhuria, mwingine alishahamia Geita, wa tatu alikuwa akiitwa baada ya uamuzi kupita ili atie saini.

Kwamba wimbo unahitaji karatasi pembeni yake, wanawake wa Pretoria, Afrika Kusini, walilielewa mapema. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikwenda Majengo ya Muungano, makao ya serikali, kupinga pasi, hati ambazo Waafrika walilazimishwa kuzibeba, wakiongozwa na akina Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Walisimama kimya nusu saa, kisha wakaimba wimbo wa kumwambia Waziri Mkuu Strijdom kwamba amewagusa wanawake, amegonga mwamba. Wimbo ndio uliobaki midomoni mwa watu. Lakini mikononi walikuwa wamebeba mafurushi ya hati za madai zilizotiwa saini, wakayaacha mlangoni. Na pasi hazikufutwa siku ile wala mwaka ule. Sheria za pasi zilikuja kufutwa 1986.

Kilichopatikana na kilichokwama

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Daftari lilichukuliwa na kukabidhiwa watu watatu, wawili wao wanawake. Siku za upungufu foleni itapangwa kwa kura ya hadharani, vijiti vikichomolewa kwenye ndoo mbele ya wote. Nafasi mbili za wanawake kwenye kamati zilijazwa upya na wachuuzi wenyewe. Mwenye daftari alijiuzulu ujumbe "kwa sababu za kiafya", na mkutano ukampigia makofi.

Makofi yale yaliniuma, na bado yananiuma. Hakuna aliyefikishwa TAKUKURU wala polisi. Niliwauliza akina mama mmoja mmoja, faragha, kama yupo wa kuandika maelezo. Hakuna. Sikuwalaumu. Wimbo uliwalinda kwa kuwafanya kundi, na kundi haliwezi kuwa shahidi. Upande wa mashtaka unahitaji mtu mmoja aseme: mimi, siku fulani, mahali fulani, huyu aliniambia hivi. Usiri uleule uliowapa nguvu mwaloni ulikuwa ukuta mbele ya mahakama. Walimwimbia mwenye daftari aandike majina yao, na majina hayo hayakuandikwa kwenye jalada lolote.

Ninapofika hapa huwa nakumbuka shauri lililoamuliwa Mwanza penyewe. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, uzeeni na bila mtu wa kumtunza, akaliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, hivyo mwanamke anauza ardhi kwa masharti yaleyale ya mwanaume. Haikuwa nguvu ya wimbo wala umati. Ilikuwa mama mmoja ambaye jina lake liliandikwa, likasomwa kwa sauti mahakamani, na linasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka leo. Miaka 9 baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka wazi haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume.

Tena historia yetu inaonyesha wimbo usipofuatwa na jina na karatasi unaweza kumfaidi mwingine. Mwaka 1955 TANU ilipowahitaji wanawake, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam, alipita kwa wenzake wa vikundi vya ngoma na lelemama, na vikundi hivyo vikawa njia ya chama kuwafikia maelfu ya wanawake. Uhuru ukaja 1961. Mwaka 1963 likatoka Tamko la Sheria za Mila, ambalo linamweka binti katika daraja la mwisho la urithi, na mjane anatunzwa na watoto wake badala ya kupata fungu lake. Walioimba mpaka bendera ikapanda hawakuwa na kiti pale tamko lilipoandikwa. Wajane wawili wa Shinyanga walioondolewa kwenye nyumba zao kwa tamko hilohilo walilazimika kwenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilikubaliana nao kwamba haki zao zilivunjwa.

Hata mwaloni kwetu mchezo huo ulitaka kujirudia. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mgombea mmoja aliutaka wimbo. "Andika jina" kilimvutia kama kiitikio cha kuhamasisha watu wajiandikishe kupiga kura. Baadhi ya akina mama wakamwimbia, wakapewa kanga. Kitanda kikaondolewa kwa sababu kampeni ina watoto. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo, ukiimbwa mwaloni watu walikuwa wanacheka na kutaja jina la mgombea. Ni bibi manju aliyeurudisha, asubuhi moja ya foleni, akaanzia moja kwa moja na "nilikuja na hela, sikuja na kitanda" na kukataa kuimba mstari mwingine wowote.

Jambo moja linaniambia kwamba ukuta ule wa mahakama una mlango. Wale wajane wa Shinyanga, kwenye uamuzi wa kamati ya Umoja wa Mataifa, wametajwa kwa herufi tu, E.S. na S.C. Kamati iliyajua majina yao, ila haikuyaandika kwenye uamuzi wake. Hapa nchini tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na taarifa za rushwa hupokelewa bure kwa simu namba 113. Tangu kikao kile nimekuwa nikiwaeleza akina mama kwamba kati ya kuimba kwa pamoja na kusimama peke yako mbele ya kijiji kizima kuna njia ya tatu, ya kusema kwa jina, faragha, kwa mtu aliyefungwa na sheria asikutaje. Binti wa Geita tumewasiliana naye. Amesikiliza, hajaamua, na uamuzi ni wake.

Kuhusu mwalo, rasimu ya sheria ndogo ilishapita mkutano mkuu wa kijiji na iko halmashauri ikisubiri kuidhinishwa. Ina kifungu cha kura ya foleni hadharani na kifungu kinachokataza mshika daftari kuwa mwenye mtumbwi. Kifungu cha tatu kilikuwa kinasema kwamba mjumbe akithibitika kudai ngono hataruhusiwa kurudi kwenye kamati maisha yake yote. Hicho mkutano ulikikataa kwa kura chache, mabaharia wengi wakiwa upande wa kukataa. Akina mama watakirudisha kwenye mkutano ujao. Ubeti wake umeshatungwa, na safari hii mabaharia hawamo.